Kichuguu cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu anaitwa Hatungimana. Ninaliandika jina lake hapa kwa sababu karatasi haina masikio. Mdomoni mwangu halijawahi kupita. Kwetu mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe, hamkazii macho, wala hambishii mbele ya watu. Mimi nililelewa Rugenge, mjini, kwa fundi cherehani mwenye wateja wengi na maneno mengi zaidi, kwa hiyo katika sheria hizo zote ile ya kutobisha ndiyo iliyonitesa. Na haijawahi kunitesa kama mwaka ule wa 1956, mvua za kwanza zilipokuwa zinakaribia na mwanangu Consolate alipomwahidi babu yake kumbikumbi.

Tulikuwa tunakaa kaskazini ya Uvira, pale tambarare ya Ruzizi inapoanza, karibu na kituo kilichojengwa ili kuwafundisha watoto mambo ya samaki, ndege, miti na wadudu. Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina refu la Kifaransa. Sisi tulipaita Kwa Madudu. Kila Jumamosi mchana watoto walikwenda huko kwa mwalimu Donatien, kijana mwembamba ambaye kaptula yake ilipigwa pasi hata siku za matope. Kila majira yalikuwa na sikukuu yake. Kiangazi watoto waliwaonyesha wazazi samaki wa ziwa ndani ya masanduku ya vioo, na sisi wazazi tukauliza watapikwa lini. Mvua kubwa walipanda miti kando ya barabara. Mwaka ule Donatien aliongeza sikukuu ya mvua za kwanza, ya kuonyesha kumbikumbi wanavyotoka ardhini, nayo ilihitaji kichuguu.

Kichuguu cha maana pale kilikuwa kimoja tu, kirefu kunipita mimi, kwenye ukingo wa shamba letu la muhogo, karibu na ua wa kituo. Kilikuwa cha baba mkwe. Mgeni asidhani kichuguu ni mali ya porini. Kichuguu kina mwenyewe kama ng'ombe alivyo na mwenyewe, na hurithiwa. Kumbikumbi wakitoka, hata kama mtaa mzima umesimama na vikapu na mate yamejaa mdomoni, hakuna anayegusa kabla mwenyewe hajachukua konzi ya kwanza. Nawajua ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana mpaka leo kwa sababu ya konzi hiyo.

Donatien alikuja kuomba kichuguu kwa adabu, na kibuyu cha pombe ya ndizi mkononi. Baba mkwe alionja, akakubali. Mambo yangeishia hapo. Lakini Donatien, kwa kufurahi, akaanza kumsifu Consolate mbele ya majirani waliokuwa wamekuja kwa ajili ya kibuyu. Akasema mtoto huyu ana macho, amekichunguza kichuguu kile tangu kiangazi, na Jumapili ya sikukuu ameichagua yeye mwenyewe.

"Jumapili gani?" akauliza baba mkwe.

"Ile ya wiki inayokuja, Sogokuru," akajibu Consolate. Ndivyo alivyomwita babu yake, kwa Kirundi. "Bameanza kujenga udongo mupya kule juu. Na mabawa yao imekomaa. Niliona."

Sharti niseme kwamba Consolate alikuwa mtoto wa kunyamaza. Shuleni kwa masista walifikiri hasikii vizuri. Mtoto huyu, ambaye nilikuwa namvuta neno kama ninavyovuta kamba ya kisima, alianza kusema siku alipoingia Kwa Madudu. Alikuwa anarudi nyumbani na maswali: kwa nini ndege huyu anatembea juu ya majani ya maji, kwa nini chura hana shingo. Sikuwa na jibu hata moja, lakini nilikuwa napenda kuulizwa.

Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Minye nimekula kumbikumbi ya hiki kichuguu mbele baba yako azaliwe. Hawatoki kwanza. Mpaka huu mwezi ufe na mwingine utoke. Pale mwalimu anakufundisha kujivuna, weye."

"Banatoka, Sogokuru."

Watu wakaguna. Mtoto wa kike, tena mbele ya wageni. Baba mkwe akaweka kibuyu chini. Dada yake Pudentienne, huko Sange, alikuwa na shamba la mpunga na hakuwa na mtoto wa kumsaidia kupanda na kufukuza ndege. Kwa muda mrefu alikuwa anamwomba kaka yake ampe Consolate.

"Sawa," akasema. "Kama banatoka ile Jumapili, mutoto abakie na madudu yake. Kama hawatoki, Jumatatu anapanda kamio ya Sange. Bantu wote mumesikia."

Mume wangu Venant alikuwa kwenye meli, anatia kuni kwenye tanuri, huko upande wa Albertville. Asipokuwepo yeye, neno la mwisho lilikuwa la baba yake. Nikasema kile mkaza mwana anachosema: "Ndiyo, Baba." Ndani ya tumbo langu nilisema mengine ambayo hata karatasi isiyo na masikio siwezi kuiambia.

Niliijua kamio, lile lori la magunia, na nilijua Sange ni nini. Msichana anakwenda kwa msimu mmoja wa mpunga. Kisha shangazi anaumwa mgongo, kwa hiyo anabaki msimu wa pili. Kisha nyumba ya jirani ina kijana. Nilikuwa nimewaona wasichana wa namna hiyo wakirudi kutusalimia na mtoto mgongoni, wakiwa na macho ya wazee. Niliogopa. Niliogopa wiki nzima, nikipika, nikilima, nikilala.

Kila asubuhi nilikuwa natoka kuangalia milima ya Burundi ng'ambo ya pili, kama ina mawingu. Ilikuwa kavu, safi, inapendeza, nami niliichukia. Baada ya hapo, naona haya kusema, nilikuwa nakwenda kukiangalia kichuguu. Nakizunguka. Siku moja jirani yangu Félicité alinikuta nimekiinamia, akaniuliza kama nimekiletea chai.

Consolate peke yake hakuwa na wasiwasi. "Mama, mvua iko inakuja," alikuwa ananiambia, kisha anaendelea kula.

Ijumaa mchana ilinyesha kidogo, manyunyu ya kulaza vumbi tu. Jumamosi asubuhi ikarudia. Harufu ya udongo ikapanda, na moyo wangu ukapanda nayo. Nikaanza kufikiri kwamba labda mtoto anajua, labda kesho itakuwa kesho kweli.

Sasa nieleze habari ya ngoma. Kumbikumbi wanatoka mvua ikigonga ardhi. Kama mvua inasitasita, watu wanatandika ngozi kavu ya ng'ombe kando ya kichuguu, wanaipiga kwa vijiti, tititi, tititi, kama matone, na wale walioko chini wanadhani mvua imefika. Donatien alikuwa amewafundisha watoto wimbo wa kuendana na vijiti hivyo, na aliwaonya tena na tena: mazoezi ni ndani ya kituo, uwanjani, mbali na kichuguu. Lakini Jumamosi hiyo direkteri, mkubwa wa kituo, alimwita Donatien kupanga viti vya wageni. Watoto wakabaki na Eugène, mtoto wa mpakiaji mizigo wa bandari ya Kalundu, hodari wa vijiti, mwenye mikono isiyojua kupumzika. Eugène akaona ni vizuri wakazoee mahali penyewe.

Nilikuwa namenya muhogo nyuma ya nyumba. Nikasikia tititi, tititi, ikitoka upande usiokuwa wake. Kisu kikabaki hewani. Hata mimi wa Rugenge nilijua kwamba ngoma ya kumbikumbi haifanyiwi mazoezi juu ya kichuguu, kwa sababu kumbikumbi hawajui mazoezi ni nini. Wakiitwa, wanatoka. Na wakishatoka wamekwisha.

Nilikimbia katikati ya muhogo na kisu mkononi kama mwizi. Nilipofika, ngoma ilikuwa imenyamaza na watoto wamekwisha kutawanyika. Consolate peke yake alikuwa amepiga magoti mbele ya kichuguu. Mikono yake ilikuwa na udongo mbichi mpaka kwenye viwiko. Chini palikuwa na mabawa machache yamelowa.

"Mama, bameanza kutoka," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilimwambia Eugène aache. Nikaziba matundu. Bengi bamebaki ndani, nawasikia. Kesho asubuhi nitafungua."

Mama mwingine angempiga. Mama mwingine angempeleka kwa babu yake pale pale. Mimi niliuliza, "Nani ameona?"

"Sisi watoto tu."

Nikavua kitenge changu cha juu nikampangusa mikono, kidole kwa kidole. Tulikubaliana kwamba alfajiri, kabla ya misa, tutakuja wawili kufungua matundu. Usiku huo sikusikia mvua wala jogoo. Nilikuwa nasikia kumbikumbi tu, wakitambaa gizani nyuma ya udongo wa mtoto wangu, wakitafuta njia.

Alfajiri tulifika. Na baba mkwe alikuwa pale.

Alikuwa amekaa juu ya kiti chake kidogo, amevaa koti lake la misa, fimbo katikati ya magoti, mgongo ameuegemeza kwenye kichuguu. "Minye nachunga kitu yangu," akasema kabla hatujamsalimia. "Hapa kuko bantu ya akili mingi. Siku ya leo hakuna anayegusa."

"Hamwendi misa, Baba?"

"Mungu iko hata huku."

Tulikwenda misa. Padri alihubiri, watu wakaimba, mimi sikusikia lolote. Consolate alikuwa kando yangu, ameficha mikono chini ya kwapa. Nilijaribu kusali lakini sala yenyewe ilinishinda kuipanga. Mtu anamwambiaje Mungu kwamba anaomba udongo upasuke wenyewe?

Mchana watu walijaa. Walikuja wa Kavimvira na Kiliba, walikuja na vikapu, na masufuria, na watoto mgongoni. Direkteri alikaa kwenye viti na mke wake mwenye kofia pana, na padri, na wageni wengine kutoka Bukavu. Donatien alikuwa amevaa kaptula nyeupe na uso wa mtu anayengoja kung'olewa jino. Mbingu ilikuwa imefunga. Joto lilikuwa limetukalia kichwani, mawingu yamesimama juu ya ziwa, hakuna upepo. Kila kitu kilikuwa tayari ila matundu.

Watoto wakaimba. Eugène akapiga ngozi. Tititi, tititi.

Hakikutoka kitu.

Wakaimba tena. Eugène akaongeza nguvu, jasho likimdondoka puani. Watu wakasogea mbele, wakainama, wakainuka. Mke wa direkteri akajipepea. Mtoto mmoja akalia, akanyonyeshwa. Tititi, tititi, na kichuguu kimekaa tu kama kisiki.

"Mama Consolate," akaniita Félicité kwa sauti ya kusikika na wote, "mliwapelekea mwaliko kweli, au watakuja na meli ya Venant?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, meno tu. Macho yangu yalikuwa kwenye ubavu wa kichuguu, karibu na goti la baba mkwe. Udongo wa kuziba ulikuwa umekauka na rangi yake haikufanana na ule wa zamani. Alama za vidole zilionekana waziwazi, vidole vidogo, vimebandika na kusukuma. Nilijiuliza itakuwaje mtu yeyote asivione. Kisha nikawaza Jumatatu. Nikaiona kamio ya Sange imesimama barabarani, na mwanangu juu ya magunia, na mdomo wake umefungwa tena kama zamani.

Nikaamua. Nitasema ni mimi. Nitasema mkaza mwana amerukwa na akili, ameziba kichuguu cha baba mkwe wake, basi nifukuzwe nirudi Rugenge, lakini mtoto abaki. Sijawahi kumsemesha mzee yule mbele ya watu bila kuulizwa. Nikasogea mbele.

"Baba," nikasema.

Ngoma ikanyamaza. Akainua macho, nami kwa mara ya kwanza nikayatazama. Yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Hapana, Mama."

Consolate alikuwa ametoka katikati ya waimbaji. Alikuja akasimama mbele ya babu yake, mikono imening'inia, haijafichwa tena.

"Sogokuru, nilikosea. Balitaka kutoka jana. Tulipiga ngoma, na bakaanza kutoka. Minye niliziba matundu ili banyamaze mpaka leo. Lakini siku yao ilikuwa jana. Haikuwa leo."

Hakuna aliyecheka. Donatien alifumba macho. Direkteri akamwinamia padri kumwuliza mtoto amesema nini. Mimi nilitaka kumshika mwanangu, nimwekee kiganja mdomoni nirudishe yale maneno, kwa sababu baada ya miaka yote ya kumwomba aseme, alikuwa amesema kitu cha kumpeleka Sange.

Baba mkwe alisogeza kiti chake kando. Kisha akanyoosha fimbo, akagusa udongo uliokauka, pale penye vidole.

"Hivi vidole niliviona asubuhi, mbele munye mukuje," akasema. "Nikajua ni ya nani. Nimekaa hapa siku nzima kungojea nione nani atasema." Akanitupia jicho mara moja, nami nikainamisha kichwa. "Kwa hiyo umekosea, weye."

"Ndiyo, Sogokuru."

"Umekosea siku moja."

"Ndiyo."

Akageuka kwa watu. Alijikokota kusimama, akishikilia kichuguu chake, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya hasira, kama mtu aliyeibiwa. "Muliniskia hapa nyumbani kwangu! Minye nilisema mpaka mwezi ufe. Minye, mwenye kichuguu! Huyu mutoto amekosea siku moja. Minye nimekosea mwezi muzima."

Akapiga magoti, koti la misa na yote. Akaubandua udongo kwa kidole gumba, tundu moja, kisha jingine, akipuliza vumbi. Akaweka sikio. Halafu akamfokea Eugène, "Piga, weye! Unasinzia?"

Tititi, tititi. Kwanza walitokea wale wenye vichwa vikubwa, walinzi, wakasimama mlangoni wakitingisha pembe. Kisha wakatoka wenyewe, wachache, wakisukumana, halafu wengi, halafu wakamwagika, wakapaa kama pumba zinazopepetwa, mpaka kofia ya mke wa direkteri ikajaa mabawa na yeye akapiga kelele kwa kucheka. Watu waliinua vikapu. Hakuna aliyegusa. Hata watoto wadogo walishikwa mikono. Wote walikuwa wanamtazama mwenye kichuguu.

Baba mkwe akachota konzi ya kwanza. Hakuipeleka mdomoni. Aliushika mkono wa Consolate, akaufungua, akaimimina humo.

Watu wakatazamana, vikapu vimeinuliwa. Consolate aliangalia kiganja chake. Akamchukua mmoja kwa vidole viwili, akamwinua kwenye mwanga jinsi Donatien alivyowafundisha, akamgeuza, akamchungulia chini ya bawa.

"Kula, mutoto!" akapaza sauti Félicité. "Utamwangalia mwaka ujao, sisi tunakufa na njaa!"

Akala, na mabawa yake. Kisha watu wote wakavamia, na sikuona tena mtoto wala mzee, niliona migongo na vikapu tu, na Donatien katikati akijaribu kueleza kitu kwa Kifaransa huku mdomo wake umejaa.

Jioni nilikaanga kumbikumbi kwa chumvi nikampelekea baba mkwe, nikapiga magoti kama inavyopasa, macho chini. Alikula polepole. Mvua yenyewe ilikuwa imeanza, nzito, inapiga bati la jikoni.

"Mama Consolate."

"Ndiyo, Baba."

"Pudentienne atafute mutoto mwingine. Na huyu wako, mwaka ujao aniambie siku mapema. Hiki kikapu changu kimechoka, nisuke kingine."

"Ndiyo, Baba," nikasema. Nikachukua sahani, nikatoka mpaka nyuma ya nyumba, nikakaa chini kwenye matope mvua ikininyeshea.